Mwani Katika Tangi Dogo la Maji ya Chumvi: Chanzo Chake na Namna ya Kuudhibiti

Utangulizi

Waswahili husema, usione vyaelea, vimeundwa. Atazamaye tangi la samaki wa baharini katika sebule ya mtu huona samaki wa rangi ya machungwa wakipita baina ya mawe, akasahau kwamba maji yale yameundwa na kwamba hulindwa kila siku. Siku kioo kinapogeuka kijani na mawe yakavaa nyuzi mfano wa nywele, ndipo mwenye tangi anapotambua kuwa alikuwa na chombo asichokielewa. Makala haya yananuia kueleza mwani huo ni nini, unatoka wapi, na unadhibitiwaje katika tangi dogo, yaani lenye maji yasiyozidi lita mia moja hivi. Hoja yetu kuu ni kwamba mwani ni hesabu ya tangi iliyoandikwa kwa rangi ya kijani. Huonyesha kiasi cha chakula na mwanga kilichoingia bila kutoka. Anayeushambulia mwani bila kuigusa hesabu hiyo atashinda leo na kushindwa kesho.

Huenda msomaji akajiuliza mwanafunzi wa fasihi ana lipi la kusema kuhusu mwani. Mjomba wangu, mkazi wa Mombasa, alikuwa na tangi la lita 60 alilolipenda mno. Mwezi wa tano tangu alijaze, nyuzi za kijani zilianza kuota. Alinunua chupa ya dawa dukani, na kwa kuwa maelezo yake yalikuwa ya Kiingereza, akanipa nimfasirie. Nilifasiri neno kwa neno. Nilipofika kwenye onyo nikasoma kwamba dawa haifai kutumiwa penye “wanyama wasio na uti wa mgongo”. Mjomba alicheka akasema, “Mwanangu, humu mna samaki wanne na mawe tu.” Nami nikaridhika. Asubuhi ya tatu konokono wote sita walikuwa wamelala chini wakiwa wamekufa, matumbawe mawili yalikuwa yamebaki mifupa mieupe, na samaki wawili walikuwa wakielea.

Tafsiri yangu haikuwa na kosa la sarufi. Kosa lilikuwa kwamba katika miji yetu ya pwani tumbawe ni jiwe la kujengea nyumba tangu enzi na enzi, na si mfasiri wala msikilizaji aliyekumbuka kwamba jiwe hilo huanza kama mnyama. Konokono nao, kwa udogo wao, hatukuwahesabu kabisa. Maelezo yafuatayo ndiyo niliyopaswa kuwa nayo siku ile.

Mwani ni nini?

Neno mwani limebeba mengi. Kwa mvuvi na kwa wakulima wa Unguja na wa Kibuyuni katika Kaunti ya Kwale, mwani ni mmea wa baharini unaofungwa kwenye kamba, ukavunwa, ukaanikwa na kuuzwa. Kwa mwanabiolojia, neno hilo hujumuisha pia viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, mradi tu vinajitengenezea chakula kwa mwanga kupitia usanisinuru na havina mizizi, shina wala majani ya kweli. Katika tangi dogo hutokea aina kadhaa, na ni muhimu kuzitofautisha kwa sababu kila moja husema jambo lake.

Ya kwanza ni vumbi la kahawia linalotanda juu ya mchanga na kioo katika majuma ya mwanzo. Hizi ni diatomu, viumbe vya chembe moja vyenye magamba ya silika. Hutumia silika iliyoletwa na maji na mchanga mpya, na silika hiyo inapopungua nazo aghalabu hupungua zenyewe. Mwenye tangi jipya hana haja ya kuhangaika nazo.

Ya pili ni utando wa kijani kwenye kioo. Huu ni wa kawaida hata katika tangi lenye afya, na kazi yake kubwa ni kumkumbusha mwenye tangi kukwangua kioo kila wiki. Ya tatu ni mwani wa nyuzi, mrefu na laini, ambao ukiachiwa hufunika matumbawe na kuyanyima mwanga. Huu ndio uliomsumbua mjomba. Ya nne ni vifuko vya kijani vinavyong’aa mfano wa shanga. Cha kustaajabisha ni kwamba kifuko kimoja, chenye ukubwa wa punje ya pilipili manga au zaidi, huwa ni seli moja tu.

Ya tano ni ute mwekundu au wa zambarau unaotanda kama blanketi na kubanduka kwa vipande. Wengi huuita mwani, ingawa kwa hakika ni bakteria wanaotumia mwanga, waitwao sianobakteria. Hupenda mahali ambapo maji hayatembei na uchafu umejikusanya. Ya sita ni mwani wa waridi, mgumu kama saruji, unaojipaka juu ya mawe. Huu ni rafiki. Hujitengenezea chokaa, na katika bahari ndio unaosaidia kuunganisha vipande vya mwamba wa matumbawe visisambaratike. Kuuona ukienea tangini ni habari njema.

Chanzo cha ziada

Ili uote, mwani huhitaji mwanga, kaboni, naitrojeni na fosforasi. Mwaka 1934 mwanasayansi wa Marekani, Alfred Redfield, alionyesha kwamba viumbe vidogo vinavyoelea baharini huwa na viini hivyo kwa uwiano unaokaribiana kila mahali. Uwiano unaotajwa hadi leo ni kwamba penye atomu 106 za kaboni pana 16 za naitrojeni na moja ya fosforasi. Maana yake kwa mwenye tangi ni kwamba fosforasi kidogo sana inatosha kulisha mwani mwingi.

Naitrojeni huingia tangini kwa mlango mmoja mkubwa, nao ni chakula cha samaki. Samaki akila hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi. Chakula kisicholiwa nacho huoza na kutoa amonia. Amonia ni sumu, lakini kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa kwa samaki kwa viwango vya kawaida. Bakteria hawa huchukua takriban majuma manne hadi sita kustawi katika tangi jipya, na ndiyo sababu haifai kutia samaki siku ya kwanza. Ndani ya mawe yenye vitundu, ambamo oksijeni ni haba, kundi jingine la bakteria huigeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni inayopotelea hewani. Katika tangi dogo mawe ni machache, hivyo nitrati nyingi hubaki majini ikingoja wa kuila. Mwani ndio unaoila.

Fosforasi nayo huja na chakula hichohicho, kwa umbo la fosfati, ila haina njia ya kutorokea hewani. Zaidi ya hayo, hung’ang’ania mawe na mchanga wa chokaa, kisha huachiliwa polepole pale kiwango chake majini kinaposhuka. Ndiyo maana mtu anaweza kusafisha maji leo, akapima na kufurahi, kisha baada ya wiki mbili akakuta fosfati imerudi bila mgeni yeyote kuingia.

Udogo wa tangi huyaongezea mambo haya uzito. Maji ya kikombe hupoa kabla ya maji ya sufuria, na vivyo hivyo lita 60 hubadilika kwa haraka kuliko lita 600. Kipande kimoja cha samaki kilichosahaulika nyuma ya jiwe ni dogo katika tangi kubwa, na ni msiba katika tangi dogo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme maji yana nitrati miligramu 40 kwa lita, na mwenye tangi hubadilisha asilimia 20 ya maji kila wiki kwa maji yasiyo na nitrati. Kama hakuna kinachoongezeka, kiwango kitashuka hadi 32, kisha 25.6, kisha takriban 20.5, na baada ya wiki ya nne kitakuwa karibu 16.4. Lakini samaki wanaendelea kulishwa. Tuseme chakula cha wiki huongeza miligramu 5 kwa lita. Hapo kiwango hakitashuka daima. Kitakaribia 25 kabla ya kila mabadiliko ya maji na kukwama hapo, kwa sababu asilimia 20 ya 25 ni 5, yaani kinachotoka kimelingana na kinachoingia. Mtu huyu anaweza kubeba ndoo mwaka mzima asisogee hatua moja. Ila akipunguza chakula kwa nusu, kiwango cha kukwama nacho hushuka kwa nusu hadi 12.5, bila kuongeza ndoo hata moja. Hesabu hii ndogo ndiyo kiini cha makala haya.

Funzo kutoka baharini

Yatokeayo katika tangi hutokea pia katika bahari. Katika mwamba wenye afya, mwani huota kila siku na kuliwa kila siku. Tafi, kangaja na pono huuchunga mwamba kama mbuzi wachungavyo malisho. Wachungaji hao wakiondolewa, au matumbawe yakifa na kuacha nafasi tupu, mwani hushika hatamu.

Mfano unaojulikana sana ni wa Jamaika. Uvuvi wa miaka mingi ulikuwa umewamaliza samaki walao mwani, na kazi yao ikabaki kwa mnyama wa miiba mirefu myeusi aitwaye kitaalamu Diadema. Mwaka 1983 ugonjwa ulipita katika Karibi na kuwaua wanyama hao kwa wingi. Mtafiti Terry Hughes alieleza mwaka 1994 kwamba matumbawe, yaliyokuwa yamefunika zaidi ya asilimia 50 ya miamba ya huko mwishoni mwa miaka ya 1970, yalikuwa yamebaki chini ya asilimia 5, na mwani ukawa umeenea kutoka asilimia 4 hadi 92. Pwani yetu nayo ilipigwa mwaka 1998, joto la El Niño lilipoyageuza matumbawe mengi ya Bahari Hindi kuwa meupe na kuyaua, na mahali pengi mwani ukaota juu ya mifupa yao.

Hili linatuhusu kwa namna nyingine pia. Kwa miongo kadhaa samaki wa mapambo wamekuwa wakivuliwa katika pwani ya Kenya na kusafirishwa ng’ambo. Kila samaki wa namna hiyo afaye tangini kwa ujinga wa mwenyewe ni samaki aliyetolewa mwambani bure, na aghalabu nafasi yake hujazwa na mwingine kutoka mwamba uleule. Kulielewa tangi, kwa hivyo, ni sehemu ya adabu tuliyo nayo kwa bahari.

Namna ya kuudhibiti mwani

Hatua ya kwanza ni kupunguza kinachoingia. Samaki wadogo wanatosheka na chakula wanachokimaliza katika dakika moja au mbili, mara moja kwa siku. Chakula kilichogandishwa kiyeyushwe na kusuuzwa katika chujio, kwa kuwa maji yake hubeba fosfati. Idadi ya samaki nayo izingatiwe. Katika lita 60, samaki wadogo wawili au watatu wanatosha, na wanne wa mjomba walikuwa tayari wengi.

Maji yenyewe yasiwe mlango wa pili. Aliye pwani anaweza kuchota maji ya bahari wakati wa maji kujaa, mbali na mifereji ya maji taka, bandari na midomo ya mito. Aliye bara hutumia chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi, takriban gramu 35 kwa kila lita, kwani chumvi ya mezani haina madini mengine ya bahari. Chumvi hiyo ichanganywe na maji yaliyochujwa kwa utando, kwa kuwa maji ya mfereji mara nyingi huwa na nitrati, fosfati au silika. Jambo linalosahaulika ni kwamba maji yanapokauka kwa joto, chumvi hubaki. Kwa hiyo pengo la kila siku hujazwa kwa maji safi yasiyo na chumvi, wala si kwa maji ya bahari.

Hatua ya pili ni kutoa kilichomo. Mwani wa nyuzi ung’olewe kwa mkono au kwa mswaki mpya, na papo hapo ufyonzwe nje kwa mrija. Ukiukwangua na kuuacha uelee, utaoza na kurudisha majini kila ulichokuwa umekimeza. Ute mwekundu ufyonzwe hivyohivyo, kisha pampu igeuzwe ili maji yatembee pale ulipokuwa. Mabadiliko ya maji ya asilimia 10 hadi 20 kila wiki yanatosha, mradi hatua ya kwanza imefuatwa. Palipo na fosfati nyingi, punje za oksidi ya chuma zikiwekwa katika kichujio huinasa, ila zianze kwa kiasi kidogo, kwa maana matumbawe hayapendi mabadiliko ya ghafla.

Hatua ya tatu ni mwanga. Taa ziwashwe kwa saa saba au nane kwa saa moja ileile kila siku, na tangi lisiwekwe dirishani. Lakini mwanga usitegemewe peke yake. Kulitia tangi giza kwa siku tatu kunaweza kuunyong’onyeza mwani, ila chakula chake kikiwa bado kimo, utarejea taa zikiwashwa.

Hatua ya nne ni walaji. Wazo hili ni kongwe. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, alieleza jinsi alivyoweka samaki na mimea katika chombo cha maji baridi, na jinsi maji yalivyoharibika kwa majani yaliyooza na utando wa kijani mpaka alipotia konokono. Katika tangi la lita 60, konokono watano au sita wa baharini wanaweza kukisafisha kioo na mawe. Tafi na kangaja, licha ya sifa zao mwambani, wasitiwe humo. Ni samaki wakubwa waogeleao mbali, na tangi dogo kwao ni kifungo. Ikumbukwe pia kwamba konokono hatoi kitu nje ya tangi. Huula mwani na kuugeuza kinyesi, na hesabu hubaki ileile. Hutusaidia tu kuzuia mwani usishike mahali.

Hatua ya tano ndiyo inayopendeza kuliko zote, na inathibitisha kwamba dawa ya moto ni moto. Walter Adey wa Taasisi ya Smithsonian, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitumia mwani wenyewe kusafisha maji. Maji hupitishwa juu ya wavu uliomulikwa kwa taa kali, mwani ukaota hapo kwa nguvu na kunyonya nitrati na fosfati, kisha mwenyewe huukwangua kila wiki na kuutupa. Naitrojeni na fosforasi hutoka nje kwa mkono, na mwani wa ndani ya tangi hukosa chakula. Kanuni ni ileile ya wakulima wa Kibuyuni. Kinachovunwa na kutolewa majini huondoka na viini vyote vilivyokijenga. Mjomba alitumia kipande cha wavu wa plastiki na taa ndogo nyuma ya tangi. Taa hiyo huwaka usiku, ile ya tangi inapozimwa.

Hatua zote hizi zinahitaji subira. Kwa sababu fosfati iliyojificha mawenis hutoka polepole, matokeo huonekana baada ya majuma sita, nane au zaidi. Pia kiasi kizingatiwe. Wafugaji wengi wa matumbawe hulenga nitrati ya miligramu 2 hadi 10 kwa lita na fosfati ya 0.03 hadi 0.1. Anayetaka sifuri hukaribisha dinoflajelati, ute wa kahawia wenye mapovu, ambao mara nyingi hushamiri pale nitrati na fosfati zinapokwisha kabisa, na baadhi ya aina zake zina sumu. Tangi lililosafishwa kupita kiasi huugua ugonjwa mgumu kuliko ule wa awali.

Na dawa je?

Sasa tunaweza kueleza yaliyotokea kwa mjomba. Dawa nyingi za kuua mwani, hasa zenye shaba, huwadhuru konokono, kamba na matumbawe kwa viwango ambavyo samaki huvistahimili. Hao ndio waliokufa kwanza. Mwani nao ulikufa wote kwa pamoja na kuanza kuoza. Bakteria wanaoozesha hutumia oksijeni, na maji ya chumvi yenye joto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi yasiyo na chumvi. Usiku, pasipokuwa na usanisinuru wowote, oksijeni ilipungua, amonia ikapanda kutokana na mizoga, na samaki wawili hawakufika asubuhi. Juma la tatu baadaye mwani ulirudi ukiwa mwingi zaidi, kwa kuwa kila kilichokufa kilikuwa kimegeuka chakula chake.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mwani katika tangi dogo la maji ya chumvi huota kwa sababu kinachoingia kimezidi kinachotoka, na kwamba udhibiti wake ni kupunguza chakula, kutia maji safi, kuutoa mwani kwa mkono, kupima mwanga na kuuvuna mwani mahali tunapotaka uote. Tangi la mjomba linaendelea. Lina samaki wawili tu, konokono watano, na kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini hukwangua wavu wake.

Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili limebaki funzo jingine. Lugha yetu inayo maneno ya kuelezea jambo hili tangu mwanzo hadi mwisho, lakini neno sahihi halimfai msikilizaji ikiwa haliamshi picha ya kitu kilicho mbele yake. Leo nikipewa chupa ile tena, sitasoma “wanyama wasio na uti wa mgongo” nikanyamaza. Nitasema: “Mjomba, dawa hii huua konokono, kamba, kaa na matumbawe yaliyo hai. Na yale unayoyaita mawe, mawili kati yao ni wanyama.”